Kumaliza mkopo mapema: faida ipo, lakini si kwa kila mkopo

Msimu unapokwenda vizuri, wafanyabiashara wengi wa mpakani huwaza jambo moja kabla ya mengine yote: kwenda kulimaliza deni. Mchele umeuzwa, fedha zimeingia, na rejesho la kila mwezi limekwisha kuwa kero nyumbani. Imani ya wengi ni kwamba anayelipa leo mkopo uliobakiza mwaka mzima huokoa riba ya mwaka mzima. Wapo wanaofika dirishani na imani hiyo, wakakuta wanadaiwa karibu kila shilingi ambayo wangelipa hata kama wangesubiri.

Mikopo yenyewe kwenye makaratasi ni mikopo binafsi: ya mfanyakazi anayekatwa mshahara, ya mwanachama wa SACCOS, ya mwenye gari aliyeweka kadi yake. Lakini kila mtu Tunduma, Namanga, Sirari, Busia na Malaba anajua fedha hizo huishia wapi. Mwalimu hukopa kwa mshahara wake, mumewe akaenda kununua vitunguu. Dereva hukopa kwa ajili ya ujenzi, fedha zikaingia kwenye matairi ya lori. Kwa hiyo mkopo binafsi unapolipwa mapema, mara nyingi fedha inayotoka ni mtaji wa biashara, na hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu.

Swali la kwanza kwa afisa mikopo kwa kawaida huwa ni deni limebaki kiasi gani. Swali lenye manufaa zaidi ni jingine: nikifunga mkopo huu tarehe fulani, nitalipa kiasi gani kwa jumla, na kiasi hicho kimepatikanaje? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kutofautiana kwa zaidi ya milioni moja.

Riba inapohesabiwa juu ya deni lililobaki

Mfano ni wa mama muuza mchele wa Tunduma aliyekopa Sh 6,000,000 za Tanzania kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Tarakimu hizo ni za mfano tu, lakini mkopo wa namna hiyo haumshangazi mtu yeyote mpakani.

Kama riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, yaani riba inayopungua, kila mwezi benki hutoza asilimia 1.5 ya kile kilichobaki. Rejesho huwa Sh 299,545 hivi kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, Sh 90,000 ni riba na Sh 209,545 ndizo zinazopunguza deni. Katika rejesho la mwisho riba haifiki hata Sh 5,000. Riba yote kwa miaka miwili ni karibu Sh 1,189,000.

Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba riba nyingi hulipwa mwanzoni, wakati deni bado kubwa. Mama huyo akifunga mkopo baada ya miezi 6, atalipa karibu Sh 4,695,000 na kuokoa riba ya karibu Sh 697,000. Akifunga baada ya miezi 12, atalipa karibu Sh 3,267,000 na kuokoa karibu Sh 327,000. Akingoja mpaka mwezi wa 18, atakachookoa ni karibu Sh 91,000 tu.

Kwa hiyo anayebana matumizi, akauza na mbuzi, ili aufunge mkopo uliobakiza miezi minne, anajitesa kwa faida ndogo sana. Kwa upande mwingine, aliyepata fedha nyingi mwezi wa tano na kuziacha zilale kwenye simu kwa kuwa "mkopo bado mbichi", huyo ndiye anayepoteza.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa hata na watu waliosoma. Mtu husema: nimeshalipa riba nyingi, bora nimalize. Riba iliyokwisha kulipwa haihusiki tena na uamuzi wa leo. Imekwenda. Kinachopimwa ni riba ambayo bado haijatozwa, na hiyo tu.

Mkopo wa riba ya flati

Sasa mama yule yule akope Sh 6,000,000 hizo hizo, kwa miezi 24 na asilimia 18 hizo hizo, lakini kwa taasisi inayotumia kile ambacho mtaani huitwa riba ya flati. Hapa riba huhesabiwa juu ya mkopo wote wa awali kwa muda wote, bila kujali kwamba deni linapungua. Asilimia 18 ya milioni 6 ni Sh 1,080,000, mara miaka miwili ni Sh 2,160,000. Jumla ya kulipa ni Sh 8,160,000, na rejesho ni Sh 340,000 kila mwezi.

Tangazo la ukutani linasema asilimia 18 kwa mikopo yote miwili. Lakini ukiuhesabu mkopo huu wa pili kwa njia ya deni linalopungua, ili ulingane na ule wa kwanza, riba yake halisi ni karibu asilimia 31 na nusu kwa mwaka. Mteja ambaye hakuuliza namna ya kukokotoa riba ameshanunua mkopo ghali kabla hata ya kufikiria kuulipa mapema.

Baada ya miezi 12 mama amelipa Sh 4,080,000, yaani nusu kamili. Anakwenda kuufunga. Afisa mikopo anaweza kumpa jibu moja kati ya matatu, na kila moja lina hesabu yake.

Jibu la kwanza: "Mama, deni lako ni Sh 4,080,000." Yaani marejesho yote 12 yaliyobaki, pamoja na riba ya mwaka ambao haujafika. Hapo hakuna kilichookolewa. Anayelipa anampa mkopeshaji fedha za mwaka ujao leo, bure. Kwa mkopo wa namna hiyo, kulipa mapema hakuna faida ya kifedha hata kidogo, labda kama kuna dhamana inayohitajika haraka.

Jibu la pili: Sh 3,000,000. Mkopeshaji amegawa riba sawasawa kwa kila mwezi, na riba ya miezi 12 iliyobaki, Sh 1,080,000, ameisamehe. Kwa mteja hili ndilo jibu zuri kuliko yote, ingawa halitolewi mara nyingi.

Jibu la tatu liko katikati, nalo ndilo linalowachanganya watu: Sh 3,518,400. Linatokana na kanuni ya zamani iitwayo kanuni ya 78. Jina lake limetoka kwenye mkopo wa mwaka mmoja: ukijumlisha 1 mpaka 12 unapata 78. Mwezi wa kwanza hubeba sehemu 12 kati ya 78 za riba yote, mwezi wa pili sehemu 11, na kuendelea hivyo mpaka mwezi wa mwisho wenye sehemu moja. Kwa mkopo wa miezi 24 jumla ya sehemu ni 300. Katika miezi 12 ya mwanzo mkopeshaji anakuwa amechukua sehemu 222, yaani asilimia 74 ya riba yote, japokuwa muda uliopita ni nusu tu. Sehemu zilizobaki ni 78, ambazo kwa mkopo huu ni Sh 561,600. Hicho ndicho mama atakachookoa.

Kanuni hii ilibuniwa wakati hesabu zikifanywa kwa mkono, na kwa mkopo wa muda mfupi haimpotezi mtu sana. Kwa mkopo mrefu inamwelemea mteja. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1992 kwa mikopo ya watumiaji inayozidi miezi 61, na Uingereza iliiondoa kupitia kanuni za mwaka 2004 za kulipa mikopo mapema. Mkopeshaji anayeitumia hajafanya hila kama imeandikwa kwenye mkataba. Tatizo ni kwamba huandikwa kwa lugha ambayo mteja haisomi, au haiandikwi kabisa, na mteja hugundua siku ya kufunga mkopo.

Sh 3,000,000, Sh 3,518,400 na Sh 4,080,000 ni majibu matatu kwa mkopo mmoja na siku moja. Ndiyo maana haifai kutoa fedha kwenye bidhaa kabla karatasi ya hesabu ya kufunga mkopo haijawa mkononi.

Ada ya kulipa kabla ya muda

Baadhi ya wakopeshaji hutoza ada kwa anayelipa kabla ya muda, kwa kuwa fedha zinazorudi mapema zinawakosesha mapato waliyoyatarajia. Ada hiyo kwa kawaida ni asilimia ya deni linalolipwa. Wengine hawatozi. Wengine hutoza ikiwa mkopo unahamishiwa taasisi nyingine, lakini si ikiwa mteja analipa kwa fedha zake mwenyewe, na hapo ni vizuri kuweza kuonyesha fedha zimetoka wapi.

Ada inayoonekana ndogo inaweza kumeza faida yote. Katika mkopo ule wa kwanza wa riba inayopungua, ada ya asilimia 5 baada ya miezi 12 ni karibu Sh 163,000, nusu ya riba iliyokusudiwa kuokolewa. Baada ya miezi 18 ada hiyo ni karibu Sh 85,000 wakati riba inayookolewa ni Sh 91,000. Mteja anabaki na kama Sh 5,000, ambazo hazitoshi nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi kila anapoitwa kusaini karatasi.

Nchi za ukanda huu zimeweka masharti ya kumlinda mteja, hasa katika kumpa taarifa. Uganda ilitoa miongozo ya ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2011, ambayo inataka mteja apewe waraka wa mambo muhimu kabla ya kusaini. Kenya ilianza mwaka 2014 kutumia kipimo cha gharama yote ya mkopo kwa mwaka, kinachojumlisha riba na ada, ili mteja aweze kulinganisha benki moja na nyingine. Tanzania ilitunga kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliyowaingiza wakopeshaji wadogo, SACCOS na vikundi vya kijamii chini ya usimamizi. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2021.

Sheria hizo zinampa mteja nguvu ya kuuliza na kupewa jibu la maandishi. Kuuliza kunabaki kuwa kazi yake. Wakati mzuri wa kuulizia ada ya kulipa mapema ni siku ya kusaini, kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti. Siku ile mkopeshaji bado anamtaka mteja. Baadaye ni vigumu kubembeleza.

Fedha hizo zingefanya nini sokoni?

Mpaka hapa hesabu imekuwa ya benki peke yake. Kwa mfanyabiashara hesabu ya pili ni ya mtaji, na mara nyingi ndiyo nzito zaidi.

Mama wa mchele amefikisha miezi 12 kwenye mkopo wa riba inayopungua. Ana Sh 3,267,000 mkononi. Akizibakiza kwenye biashara, mkopo utamgharimu karibu Sh 49,000 za riba mwezi unaofuata, na kiasi hicho kitashuka kila mwezi. Swali lake ni jepesi kulisema: je, Sh 3,267,000 hizo zikienda kwenye mchele, baada ya nauli ya mzigo, ushuru, wapakiaji, chumba cha stoo na gunia moja au mawili yanayoharibika, zitamwachia zaidi ya Sh 49,000 kwa mwezi?

Mtaji unaozunguka mara mbili kwa mwezi unaweza kuacha kiasi hicho bila shida, na hapo kulipa mkopo mapema ni kuiondoa fedha mahali inapozaa zaidi. Lakini mtaji haufanyi kazi mwezi wote. Kuna wiki ambazo fedha hukaa tu, zikisubiri bei au gari. Mfanyabiashara anayehesabu faida ya safari nzuri peke yake, akaisahau miezi ya kiangazi, atajidanganya. Kinachofaa kuhesabiwa ni faida ya miezi yote iliyobaki kwenye mkopo, mizuri na mibaya pamoja.

Halafu kuna mpaka wenyewe. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kuruhusu tena kwa masharti ya vyeti. Malori yalikwama. Mei 2020, wakati wa janga la korona, Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde unaopakana na Tunduma. Katika siku kama hizo anayekuwa na fedha taslimu ndiye anayelisha madereva, analipia maegesho na kununua mzigo kwa wanaotaka kuuondoa kwa bei yoyote. Aliyezimaliza fedha zake zote kwa kufunga mkopo wiki iliyotangulia hana deni, lakini hana pa kushika. Benki haimrudishii alicholipa. Atalazimika kuomba mkopo mpya, kusubiri, na kulipia tena ada za maombi, au kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye riba yake ya mwezi mmoja inaweza kuizidi ya benki ya miezi mingi.

Wenye malori wanalijua hili kuliko wengine. Injini haiulizi kama mwenye gari ametoka kulipa deni.

Hesabu inayofaa, basi, ni kuweka kwanza pembeni fedha za miezi miwili au mitatu ya marejesho na matengenezo, kisha kuangalia kilichobaki. Kama kilichobaki kingelala bila kazi, mahali pake ni kwenye deni.

Kulipa sehemu ya deni

Wengi hudhani chaguo ni mawili tu, kulipa lote au kusubiri. Taasisi nyingi zinaruhusu kulipa sehemu, na kwa mfanyabiashara hii mara nyingi ndiyo njia nzuri zaidi, kwa sababu inapunguza riba bila kukausha mtaji.

Mama wa mchele, baada ya miezi 12, apeleke Sh 1,000,000 ya ziada. Deni linashuka mpaka Sh 2,267,000 hivi. Sasa benki itamuuliza, au itamwamulia bila kumuuliza: rejesho lipungue, au muda upungue? Akiacha muda ule ule wa miezi 12, rejesho litashuka kutoka Sh 299,545 hadi karibu Sh 207,900, na riba atakayookoa ni karibu Sh 100,000. Akiacha rejesho lile lile, mkopo utaisha ndani ya miezi minane na kipande kidogo cha mwezi wa tisa, na ataokoa karibu Sh 170,000.

Kupunguza muda kunaokoa zaidi. Hata hivyo, kupunguza rejesho kunampa nafasi ya kupumua kila mwezi, na kwa mtu ambaye mapato yake yanapanda na kushuka kwa msimu, Sh 70,000 zinazokosekana zinaweza kuwa bei halali ya usingizi. Kosa ni kutojua kwamba kuna kuchagua.

Hapa pana mtego mdogo unaowanasa wengi. Kuweka fedha za ziada kwenye akaunti ya marejesho si sawa na kulipa deni. Mara nyingi mfumo wa benki huchukua rejesho la mwezi huo tu na kuziacha fedha nyingine zilale pale pale, bila kupunguza riba hata senti. Mteja anatakiwa kuandika barua ya kuagiza kwamba fedha hizo zipunguze deni la msingi, aeleze kama anataka muda au rejesho ndilo lipungue, kisha adai ratiba mpya ya marejesho. Bila ratiba mpya, hakuna kilichobadilika.

Mikopo ya simu na SACCOS

Kwa mikopo ya simu, jibu linategemea namna inavyotozwa. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 ilikuja na ada moja ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ada ya namna hiyo haipungui ukilipa siku ya tatu badala ya siku ya thelathini. Faida ya kulipa mapema ni kujenga jina zuri na kiwango cha kukopa. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, ni tofauti, kwa kuwa hutoza kwa siku. Huko kila siku inayookolewa ni fedha, na dereva anayeacha deni dogo la Fuliza likae wiki tatu kwa kusahau tu analipa ghali kuliko anavyodhani.

Kwenye SACCOS riba kwa kawaida huhesabiwa juu ya deni linalopungua, na kulipa mapema kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu: wadhamini wanafunguka. Mwenzako aliyeweka akiba yake kama dhamana hawezi kukopa vizuri mpaka deni lako liishe. Wengine humaliza mkopo kwa ajili hiyo, na ni sababu ya maana. Ila chama kinaweza kutoza ada kwa anayemaliza mkopo ili achukue mwingine mkubwa zaidi, na masharti hayo hupatikana kwenye sera ya mikopo ya chama, ambayo kila mwanachama ana haki ya kuisoma.

Kukopa ili kulipa

Afisa mikopo anaposema "kaka, tutakununulia deni lako", maana yake ni kwamba taasisi mpya italipa mkopo wa zamani na kufungua mpya, mara nyingi mkubwa kidogo ili mteja aondoke na fedha mkononi. Rejesho jipya linaweza kuwa dogo. Lakini likiwa dogo kwa sababu muda umerudi miezi 48, mteja amerudi mwanzo wa mkopo, pale pale ambapo riba ni nzito. Amelipa ada ya kufunga wa zamani, ada ya maombi ya mpya na bima ya mpya. Kinacholinganishwa hapo ni jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni kuanzia leo kwa njia zote mbili, na rejesho la mwezi lisipewe nafasi ya kusema peke yake.

Mkopo wa dola

Kwa wasafirishaji waliokopa kwa dola huku wakilipwa kwa shilingi, thamani ya fedha inaweza kuzidi hesabu yote ya riba. Januari 2024 dola moja iliuzwa kwa karibu Sh 160 za Kenya. Ilipofika katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu Sh 130. Deni la dola 5,000 lililohitaji Sh 800,000 mwezi Januari lilifungwa kwa Sh 650,000 miezi michache baadaye. Hakuna aliyeweza kuahidi mapema kwamba ingekuwa hivyo, na ingeweza kwenda upande wa pili. Lakini shilingi inapokuwa imepanda na fedha zipo, mwenye deni la dola ana sababu ya kulipunguza ambayo mwenye deni la shilingi hana.

Siku ya kufunga

Hesabu ya kufunga mkopo huwa na tarehe ya mwisho, kwa sababu riba huendelea kuhesabiwa kila siku. Ukilipa siku tatu baada ya tarehe hiyo, kutabaki deni dogo la shilingi elfu kadhaa ambalo hakuna atakayekukumbusha, mpaka litakapozaa faini na kuonekana kwenye taarifa za mikopo kama deni lisilolipwa. Ni rahisi kulipa siku ile ile ya rejesho, baada ya kupata karatasi yenye tarakimu ya siku hiyo.

Wanaokatwa mshahara wahakikishe mwajiri amepewa taarifa ya kusimamisha makato. Makato ya mwezi mmoja au miwili baada ya mkopo kuisha ni jambo la kawaida, na kurudishiwa fedha hizo huchukua muda. Aliyelipia bima ya mkopo kwa miezi yote 24 mwanzoni aulize kama sehemu ya miezi isiyotumika inarudishwa.

Barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umeisha iombwe siku hiyo hiyo, na nakala yake itunzwe. Kwa mwenye gari, barua peke yake haitoshi. Kadi ya gari, au logbuku kama wanavyoiita Kenya, ikiwa bado ina jina la mkopeshaji, gari bado halijawa huru hata kama deni limekwisha. Mpakani dereva anaweza kuendelea kuombwa barua ya ridhaa ya mkopeshaji ili gari livuke, na mwenye gari hawezi kuliuza wala kuliweka dhamana kwingine. Jina hilo linaondolewa kwa maombi, kwa nyaraka zinazosainiwa na mkopeshaji mwenyewe. Ni vyema nyaraka hizo ziulizwe pamoja na hesabu ya kufunga, kabla fedha hazijalipwa, na mkopeshaji aseme kwa maandishi atazitoa ndani ya siku ngapi.